Kiungo cha Ishirini na Tisa Nyumbani kwa Ojulong

KITUO KIDOGO CHA POLISI, SOKO LA JUU, MALABA (UPANDE WA KENYA)

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Eriku Omoding
Umri: miaka 63
Kazi: fundi wa maji
Makazi: Malaba, nyuma ya soko la nafaka
Tarehe: Ijumaa, 14 Machi 2025. Yameanza kuandikwa saa nne na dakika kumi asubuhi.
Mwandishi: Koplo Ikiring

Mimi ndiye Eriku Omoding niliyetajwa hapo juu. Nimefanya kazi ya maji tangu mwaka 1983. Ukifungua bomba Malaba, upande huu au ule wa Uganda, na maji yakatoka, kuna uwezekano mkubwa paipu iliyo ukutani niliifunga mimi au mtu niliyemfundisha. Nimefundisha watu kumi na saba. Afande amecheka, lakini aandike: kumi na saba, na ninawajua wote kwa majina.

Nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa. Babra Athieno, fundi, yuko katika seli ya kituo hiki tangu Jumatano alasiri. Anashukiwa kuharibu kwa makusudi dari na vyombo vya nyumba ya Ojulong, wakala mstaafu wa forodha. Ninataka atoke. Nitaeleza kwa mpangilio, na naomba nisikatizwe, maana nikikatizwa ninakasirika na nikikasirika ninasahau.

Babra ni Mdhopadhola wa Petta, wilaya ya Tororo, ng'ambo Uganda. Alikuja kwangu mwaka 2018 akiwa na miaka ishirini na mbili, akasema anataka kazi ya paipu. Nilimwambia spana ya paipu ni nzito. Akaiokota chini, akaitia begani na kuniuliza, "Sasa tunakwenda wapi?" Nikamchukua. Kwa miaka minne nilimfundisha chuma: kukata, kuchonga meno ya skrubu, kuzungusha katani na kupaka rangi ili kiungo kisivuje. Hakuwahi kuniambia amechoka.

Mwaka 2022 alienda Tororo kwa mafunzo ya wiki sita ya zile paipu laini za plastiki, zinazokuja zimeviringwa kama kamba. Alirudi na roli moja la paipu hizo na koleo kubwa la kubania pete. Anapitisha paipu moja kutoka tangini mpaka kwenye bomba bila kuikata, inapinda kwenye kona yenyewe, na pale mwisho anaivisha pete ya shaba na kuibana kwa lile koleo. Nilimcheka. Nilimwambia nyumba si mgonjwa wa kuwekewa dripu. Yeye naye akacheka, akaendelea na kazi yake.

Sasa nakuja kwa nyumba ya Ojulong. Paipu za chuma za nyumba ile nilizifunga mimi mwenyewe mwaka 1994. Nyumba ilikuwa mpya, na watu walikuja kutazama maji yakipanda mpaka bafu la wageni. Baada ya miaka thelathini maji yalikuwa yanatoka ya rangi ya chai. Mable, mke wa Ojulong, aliacha kufulia nguo nyeupe nyumbani. Ojulong aliniita, nikatazama, nikamwambia ukweli kwamba chuma kimeliwa na kutu kwa ndani na hakuna dawa isipokuwa kutoa zote. Nikamwambia mtu wa kazi hiyo ni Babra.

Ojulong hakutaka. Alisema, "Fundi, unaniletea msichana wa ng'ambo aninyweshe maji kwa mrija wa soda?" Nilimjibu kwamba akipata mwingine anayejua paipu hizo kumzidi Babra, mimi nitauza spana zangu. Akakubali kwa sababu ya neno langu.

Mnamo Jumatatu tarehe 24 Februari 2025, saa mbili asubuhi, Babra alianza kazi. Mimi nilikuwa nafika kila jioni kutazama. Siku ya tatu nilimkuta uani akipasua paipu zangu za zamani. Alinionyesha ndani. Tundu ambalo zamani lilipitisha kidole gumba sasa lilipitisha penseli tu. Lakini kwenye viungo, katani yangu ilikuwa bado imeshika. Akaniambia, "Mzee, hii kazi ilikuwa safi. Chuma ndicho kimeshindwa, si wewe." Nilimshukuru, lakini moyo uliniuma. Nilizihesabu zile paipu chini na kuona kwamba zikibebwa, hakutabaki kitu cha mkono wangu katika nyumba ile.

Ijumaa tarehe 7 Machi, saa nne asubuhi, Babra alimaliza viungo ishirini na nane. Alitia pampu ya kupimia, akasukuma maji kwa nguvu mara mbili ya yale yanayotoka mtaani, na kuacha mpaka saa kumi jioni. Mshale wa saa ya pampu, ile inayopima nguvu ya maji, haukusogea. Mimi nilikuwepo, Ojulong alikuwepo, Mable alikuwepo. Nilimwambia Ojulong, "Umeona?" Nilisema kwa sauti kubwa, kama anayesifu ng'ombe wake sokoni.

Kilibaki kiungo kimoja, cha ishirini na tisa. Hiki ni cha maji ya moto yanayotoka kwenye tangi la jua juu ya paa kwenda bafu la wageni. Kinakaa ndani ya dari, juu kabisa ya sebule. Roli lilikuwa limeisha pale, ikabidi kuunga kipande, na pete za shaba zilikuwa zimekwisha. Saa kumi na moja jioni hiyo Babra alipigiwa simu kwamba shangazi yake amefariki Petta. Alifunga koki ya laini ile, akaizungushia kitambaa chekundu, akatuambia sote watatu, "Mimi nakwenda mazishi. Hii laini ya juu musifungue. Jumatatu narudi na pete kutoka Tororo, namaliza." Ndivyo alivyosema, na nilimsikia vizuri.

Jumamosi tarehe 8 Machi, saa tano asubuhi, Ojulong alinipigia. Wageni wa mtoto wao walikuwa wanakuja Jumapili baada ya kanisa, na bafu la wageni halikuwa na maji ya moto. Aliniambia, "Wewe ndiye mwalimu. Utashindwaje na kiungo kimoja, wewe uliyeitia nyumba hii maji?" Afande, wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilichukua begi langu saa hiyo hiyo.

Sikuwa na pete, na koleo la Babra sijui kulitumia. Sisi mafundi wa zamani tuna njia yetu ya plastiki. Unapasha ncha ya paipu kwenye jiko la makaa mpaka ilegee, unaivuta ipanuke, unaisukuma juu ya kiungo ingali moto. Ikipoa inashika. Halafu unafunga juu yake utepe wa tyubu ya baiskeli, unaukaza sana. Njia hiyo nimeitumia kwa mipira ya bustani na ya kunyweshea ng'ombe miaka mingi, na haijawahi kuniaibisha. Mable alikuwa anapika. Nilimwomba jiko, akanisogezea, lakini akaniuliza, "Si Babra alisema tungoje?" Nikamwambia Babra ni mtoto wangu wa kazi. Nilipanda darini, nikafunga kiungo, nikatoa kile kitambaa chekundu, nikafungua koki. Maji yalitoka bafuni. Ojulong alinipigia makofi.

Niseme wazi kwa nini nilifanya vile, maana Afande ameuliza. Haikuwa kwa ajili ya wageni. Nilitaka mkono wangu ubaki katika nyumba ile, hata kwa kiungo kimoja.

Jumatatu tarehe 10 Machi, saa tatu asubuhi, Babra alirudi na pete zake, akanikuta hapo kwa Ojulong. Aliona koki iko wazi na kitambaa hakipo. Akauliza, "Nani amefungua?" Nilimjibu, "Mimi." Akaniuliza nimekifunga kwa kitu gani. Akachukua ngazi apande kutazama. Hapo nilimfokea mbele ya Ojulong na Mable. Nilimwambia, "Unanikagua mimi? Kabla hujazaliwa nilikuwa juu ya dari hii." Akairudisha ngazi ukutani. Alisema tu, "Sawa, Mzee." Alikusanya vifaa vyake na kuaga watu wote kwa adabu. Zile pete aliziacha juu ya meza ya jikoni.

Kwa siku tatu hizo, Jumamosi hadi Jumatatu, mvua ilikuwa inanyesha na mawingu yamefunika, na tangi la jua halikupasha maji. Jumanne jua lilitoka kali, Jumatano likazidi. Mtu yeyote aliyeigusa kazi hii anajua kitakachotokea. Kitu kilichopanuliwa kwa moto, ukikipitishia moto tena, kinalegea. Mimi nilijua na sikukumbuka. Jumanne nilivuka mpaka asubuhi kwenda Molo ya Uganda, kwa mkulima mmoja aliyetaka tangi lifungwe, na simu yangu iliisha moto wa betri huko.

Ya Jumatano sikuyaona, nimeelezwa na Mable leo asubuhi. Saa nane na dakika ishirini mchana alisikia kishindo sebuleni. Dari ilikuwa imeanguka juu ya makochi na maji ya moto yakimwagika kutoka juu. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa ametoka kwenye kochi lile muda mfupi tu uliopita, kufuata chapati jikoni. Mable aliponieleza hayo nilikaa chini.

Ojulong alimpigia Babra, naye akaja mbio. Polisi walifika saa kumi. Ojulong, ambaye hakufikiri kazi yangu ingeweza kushindwa, aliwaambia kwamba msichana huyu ameharibu nyumba kwa hasira kwa sababu aligombezwa Jumatatu, na akiachwa atavuka ng'ambo asionekane tena. Babra akachukuliwa.

Nilirudi Malaba jana, Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Jirani yangu Aanyu, auzaye mboga, aliniambia barabarani kwamba mwanafunzi wangu amefungwa. Nilikuja kituoni, nikaambiwa nirudi leo asubuhi. Nilienda nyumbani nikiwa nimekasirika. Nilikuwa namlaumu yeye, Afande. Nilijiambia lazima kuna kiungo chake kimoja hakubana vizuri. Cha kwangu hata hakikunijia akilini, na ninaona aibu kuliko yote kwa hilo.

Leo saa mbili asubuhi nilikwenda na Koplo Ikiring, Afande huyu anayeandika, nyumbani kwa Ojulong. Ojulong alinionyesha sebule na kusema, "Tazama kazi ya mwanafunzi wako bora." Koplo aliniomba nipande, yeye akabaki chini ya ngazi na Ojulong. Nilipanda na tochi, peke yangu. Nikaona ncha ya paipu imechomoka, imepanuka mdomo, nyeusi kwa makaa. Kando yake utepe wa tyubu. Tyubu ile niliikata kwenye gurudumu la baiskeli yangu. Naijua kwa kiraka chake.

Nitasema na hili pia, maana nimekuja kusema kweli. Nilikaa juu ya zile mbao kwa muda. Kisu kilikuwa mfukoni. Ningeikata ile ncha na kuufunga utepe ndani ya leso yangu, na kule chini hakuna mtu angejua. Miaka arobaini na mbili ya jina langu ilikuwa mkononi mwangu. Koplo aliniita, "Mzee, umeona nini?" Nikasema, "Ngoja."

Halafu nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya tangu Jumatatu. Nikavikagua viungo vya Babra, kimoja baada ya kingine, vyote vilivyo darini, kisha nikashuka na kukagua vya jikoni, vya bafu zote mbili na vya tangini. Nilivishika kwa mkono. Nilivifutia karatasi kavu ya choo, maana karatasi haidanganyi. Ishirini na nane. Karatasi ilitoka kavu mara ishirini na nane. Pete zote zimebanwa sawa, hakuna iliyopinda, na kila paipu ameipinda kwa upole bila kuivunja mgongo. Mimi niliyeitia nyumba ile maji sijawahi kufunga kazi safi namna ile. Hata mwaka 1994, nikiwa na macho mazima na mikono ya kijana. Nilisimama bafuni na kulia, Koplo ni shahidi. Sikulia kwa huzuni tu. Nilikuwa nimejivuna mpaka kifua kinauma, kwa sababu mtu huyu alitoka mkononi mwangu.

Nikamwita Ojulong na Mable. Nikawaonyesha ile ncha nyeusi na ule utepe, nikasema, "Hiki nilifunga mimi Jumamosi. Babra hakukigusa." Ojulong alinitazama. Akasema, "Wewe, fundi? Wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nimemfungisha mtoto wa watu kwa kazi yako?" Nikasema ndiyo. Mable alikuwa amesimama mlangoni, akamwambia mumewe, "Si nilikwambia Jumatano? Nilikwambia jiko ni langu na aliyeliomba ni Eriku. Ukasema ninamtetea msichana." Ojulong alikwenda akaketi kwenye kiti cha uani.

Saa tatu na nusu tulirudi kituoni, na Koplo akaniruhusu kusema na Babra kupitia wavu. Nilikuwa na maneno mengi. Yeye ndiye aliyetangulia, akaniuliza, "Mzee, ulirudi salama kutoka Molo? Umekula?"

Nilimwambia nimeona kiungo. Akainama.

Nikamwambia, "Koplo anasema ulipoulizwa mara tatu nani alifunga kiungo kile, mara zote ulijibu kazi ya nyumba ile ni yako. Kwa nini hukusema?"

Akasema, "Ningesema aje? Mwenye nyumba alikuwa pale anasikiliza. Wewe ulitufundisha fundi hamsemi fundi mwenzake mbele ya mwenye nyumba."

Nikasema, "Nilisema hivyo ili msiharibiane riziki! Sikusema ulale seli!"

Akasema, "Hukusema pia nisilale." Na akacheka, Afande. Siku mbili kwenye sakafu ya saruji na bado ananitania. Nilitaka kumfokea nikashindwa. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Kosa langu liko. Jumatatu ningepanda ile ngazi, hata ungenipiga. Mtoto angeungua." Nilimwambia hapana. Aliyeiondoa ngazi mguuni mwake ni mimi, na hilo pia liandikwe.

Afande amenionya kwamba maneno haya yanaweza kunigeuza kutoka shahidi kuwa mshtakiwa. Nimeelewa. Nilimwambia aendelee kuandika na asifupishe.

Ninaomba yafuatayo yawe kwenye karatasi. Viungo ishirini na nane vya nyumba ile ni kazi ya Babra Athieno wa Petta, na hakuna kilichotoa hata tone. Kiungo kilichochomoka ni cha Eriku Omoding, kilipashwa kwenye jiko la makaa na kufungwa kwa tyubu, na aliyekifunga alikuwa ameambiwa asubiri. Dari nitairudishia mwenyewe, mbao na misumari, Ojulong akinikubali. Lakini kiungo kile asikiguse mtu isipokuwa Babra. Mimi nitamshikia ngazi. Watu wakiuliza mjini nani sasa ni fundi wa maji wa Malaba, nitawaambia ni mwanamke wa Petta, na kwamba aliyemfundisha kushika spana ni mimi, na kwamba amenipita. Nimefundisha watu kumi na saba na sikuwahi kutamani kumwona hata mmoja akinipita. Leo nimemwona, na ninajivuna kuliko siku yoyote.

Niliyoyafanya na niliyoyaona ndiyo haya. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, nimeyasikia kuwa ni yangu, na sina neno la kuondoa.

Sahihi: E. Omoding
Ijumaa, 14 Machi 2025

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyosema, saa nne na dakika kumi hadi saa tano na dakika kumi na tano asubuhi. Kipande cha paipu chenye alama ya makaa na utepe wa tyubu vimewekwa kama vielelezo. Mlalamishi Ojulong amefika kituoni saa tano na dakika ishirini na kuomba kuondoa malalamishi dhidi ya Babra Athieno. Kuhusu shahidi, mlalamishi amesema atafikiri kwanza, na shahidi ameombwa asubiri. Babra Athieno ameachiliwa saa tano na nusu, amerudishiwa simu na koleo lake, na ameambiwa yuko huru kwenda nyumbani. Hajaenda. Yuko kwenye benchi la nje, na nilipomuuliza anangoja nini alisema anangoja Mzee, wataondoka pamoja.

Koplo Ikiring